Nyekundu ya Babake Sardar

Nyinyi mliobaki karakana mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, ati yasije yakapotea. Sawa. Tangu niweke brashi chini niko nyumbani hapa Kabiria, kuku wamenichoka na mimi nimewachoka, kwa hivyo nafasi ninayo. Sitaandika nani alikuwa mkubwa wa nani wala nani alilipwa nini. Karakana yetu haikuwa na vyeo. Kulikuwa na Sardar, mwenye mali, halafu kulikuwa na sisi wengine wote.

Kwa asiyetujua, kazi yetu ilikuwa kumalizia injini ndogo za gari moshi. Nikisema ndogo msifikirie vile vitu vya watoto vya kusukuma sakafuni. Hizi zinachoma makaa ya kweli na kuchemsha maji ya kweli, na mtu mzima na kitambi chake anaweza kukaa kwenye kigari nyuma yake akavutwa kuzunguka shamba. Zile kubwa zilikuwa ndefu kama kitanda, na kuinua moja kulitaka wanaume wanne na matusi mengi. Wapenzi wake wapo, tena wengi kuliko mnavyodhani: mawakili, madaktari, wenye mashamba ya maua, wazee wa Kihindi ambao babu zao walikuja na reli. Mtu wa aina hiyo akishanunua moja, hiyo ya pili hata mke wake haambiwi.

Injini kama hizi mtu huzijenga mwenyewe nyumbani, jioni baada ya kazi, miaka nenda miaka rudi. Wengi hufa kabla ya kumaliza. Mjane anabaki na masanduku ya vyuma stoo, hajui lipi ni gurudumu na kipi ni kifuniko cha boila, anauza. Sardar alizinunua hizo, za hapa na za ng'ambo, tukazimalizia na kuzipaka rangi. Nyingine aliuza, nyingine alikataa katakata kuziuza, zikajaa mpaka juu ya kabati. Kwa hivyo nyuma ya karibu kila injini iliyopita mikononi mwetu kulikuwa na marehemu. Nilipoanza jambo hilo lilinitisha. Baadaye nililizoea, na mwishowe nikalipenda.

Mimi sikusomea chochote. Nilikuwa naandika mabango ya bucha soko la Dagoretti, kichwa cha ng'ombe upande huu, kichwa cha mbuzi upande ule, na mstari mwekundu kuzunguka bango lote. Siku moja alikuja Kalasinga mrefu wa kilemba cha bluu kununua mbuzi wa sherehe. Akamsahau yule mbuzi. Alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza ule mstari.

"Hiyo laini umepiga na nini?"

"Na mkono."

"Mkono gani?"

Nikamwonyesha wa kulia. Akaushika, akaugeuza, akautazama kama mtu anayenunua kiazi.

"Kesho kuja taoni. Karakana iko nyuma ya Kirinyaga Road, pale maduka ya spea. Uliza Kalasinga ya treni ndogo, kila mtu anajua."

Mama yangu aliposikia alisema mwanamume anayemwita msichana kazini kwa sababu ya mkono wa kulia ana lake jambo. Nilikwenda hata hivyo. Harufu ya damu ya machinjio ilikuwa imenitoka puani kwa uchovu wa kuinusa, na nilitaka kunusa kitu kingine.

Siku ya kwanza hakunipa brashi. Alinipeleka chumba cha rangi, ambacho mlangoni pake palikuwa pametundikwa shuka mbichi za kunasa vumbi la mtaa, akaniweka mbele ya injini iliyopakwa rangi ya kwanza, ile ya kijivu, akaniambia nifumbe macho nipitishe kidole.

"Tafuta mchanga."

"Mchanga gani, Sardar?"

"Ukipata utajua."

Nilizunguka na kidole asubuhi yote. Niliupata: punje moja karibu na dohani, nyingine chini ya kibanda cha dereva. Akachukua msasa akazifuta, rangi ikapigwa upya upande mzima. Nikasema moyoni, ai, huyu mzee ni mgonjwa. Mpaka leo sipaki hata lango la kwangu kabla sijapitisha kidole.

Halafu ikaja kalamu ya mistari, ile yenye midomo miwili ya chuma inayobeba tone la rangi katikati. Nilichora juu ya madebe matupu mpaka madebe yakaisha, akaleta mengine. Shauri langu kwenu ni moja: vuteni pumzi kabla ya mstari, msipumue katikati yake. Mkihisi chafya inakuja, inueni mkono. Msijaribu kuwa mashujaa.

Sheria kubwa ya Sardar mnaijua, ingawa nasikia siku hizi mnaikwepa: injini haivai nguo kabla haijaoga. Maana yake, hakuna kupaka rangi injini ambayo haijawashwa moto ikachemka, ikavuja popote inapotaka kuvuja, ikarekebishwa. Kuna wakili mmoja aliyekataa kusubiri. Alitaka injini yake imetakata kwa siku ya arusi ya bintiye, akaitoa kwetu ikiwa chuma kitupu, akaipeleka kwa mpaka rangi wa magari. Siku ya arusi wakaiwasha mbele ya wageni. Mvuke ukatokea kwenye maungio ya boila, na rangi ikafura ubavu mzima kama chapati kwenye kikaango. Nasikia padri ndiye alikuwa wa kwanza kucheka. Jumatatu ilirudi kwetu imefunikwa blanketi, na Sardar hakumsimanga yule bwana hata neno. Alisema tu, "Leta, tutaosha." Mimi ndiye nilitamani kumsimanga.

Nyingine ambayo haijanitoka ni ya mama mjane aliyeleta injini ya mumewe, mwalimu wa shule ya upili. Kazi ilikuwa safi isipokuwa safu moja ya ribiti, ile misumari butu ya kuunga mabati, kwenye tangi la maji, ilikuwa imepinda, inaonekana kabisa. Mimi kimbelembele changu nikachukua kifaa nizing'oe. Sardar alinishika kiwiko.

"Wacha hiyo. Hiyo ni yeye."

"Lakini imepinda."

"Alipinda siku hiyo. Labda alikuwa mgonjwa. Wewe unajua?"

Nikaziacha. Yule mama alipokuja kuichukua, macho yake yalikwenda kwenye safu hiyo kwanza, akaziba mdomo na leso. Nililia naye, na sikuona haya.

Sasa nifike kwenye lile mnaloniuliza kila mara mkija kunitembelea, la ile injini ya zambarau. Nimekuwa nikiwajibu nusu nusu. Leo nitalisema lote.

Babake Sardar alikuwa dereva wa gari moshi, enzi za mvuke. Siku hizo dereva alikuwa na injini yake mwenyewe, haendeshi ya mwingine, na yule mzee aliipenda yake kupita kiasi. Kila alfajiri aliipangusa na kitambaa kilicholowa mafuta ya injini na parafini, bati lote, mpaka nyekundu ya shirika la reli ikageuka ikawa nyekundu nyingine, ya ndani zaidi, ambayo haikuwa kwenye debe lolote. Sardar alikuwa mtoto. Alibebwa akasimamishwa karibu na stesheni asubuhi nyingi kumngoja baba akirudi kutoka safari, na alichokiona kwanza kilikuwa ile rangi ikitokea kwenye moshi. Baba alikufa Sardar akiwa bado hajaanza kufunga kilemba.

Ndiyo sababu ya karakana yote. Injini za marehemu wengine zilikuwa riziki, lakini kando, chini ya turubai, alikuwa akijenga ile ya babake, kipande kwa kipande, tangu ujana. Picha ilikuwapo moja tu, ya kijivu, imetundikwa juu ya kompresa. Na msiniambie habari za makumbusho. Zile zilizoko huko zimepakwa upya kwa rangi za siku hizi, na hata zingekuwa na rangi ya awali, hakuna iliyopanguswa na mkono wa yule mzee. Nyekundu ile ilikuwa mahali pamoja tu duniani, kichwani mwa Sardar.

Alilisema wazi bila aibu, mbele ya mafundi wote: "Mimi nataka kitu moja. Nataka kuona baba yangu akikuja. Halafu nikufe."

Boila ilipokubali hatimaye, alikuwa mzee, ndevu zote nyeupe. Tuliiwasha uani, ikapiga kelele, wauza spea wakaja kuchungulia. Haikuvuja popote. Basi ikaja zamu ya rangi.

Sardar alichanganya rangi kwa macho, hakupima kitu. Yeye ndiye aliyenifundisha nyekundu ni nini: kwamba kuna ya njano ndani na ya bluu ndani, kwamba ikikauka inakuwa nzito, kwamba rangi inataka kutazamwa asubuhi na tena jua likiwa kichwani. Aliinamia lile debe, pua karibu iguse. Akaongeza bluu. Akapaka kidogo kwenye kifuniko, akakiweka dirishani, akatikisa kichwa. Akaongeza bluu tena.

"Sardar," nikasema, "si inakwenda zambarau?"

Akanigeukia. "Wewe uliona ile injini?"

"La."

"Ulikuwa umezaliwa?"

"La."

"Basi nyamaza, koroga."

Nikanyamaza, nikakoroga. Ukweli alikuwa nao yeye peke yake. Tena wateja wenyewe walikuwa wamekwisha anza kusema nyekundu zetu hazina mfano. Daktari mmoja aliagiza kwa maneno hayo hayo: ile nyekundu yenu, si ya wengine. Tukajisifu.

Niliipaka kwa uangalifu kuliko kitu chochote nilichowahi kupaka maishani. Mistari ya njano na nyeusi kwenye tangi, kwenye kibanda, kwenye kila mkanda wa boila. Halafu vanishi. Siku ilipokauka Sardar alikuja na shati la kupiga pasi. Nikatoa turubai.

Alisogea, akaweka kiganja kwenye ubavu wa kibanda cha dereva, akazungumza Kipunjabi taratibu, maneno marefu, kama mtu anayetoa habari za nyumbani. Halafu yule mzee akainama, na mgongo wake ule mbovu, akagusa kile kingazi kidogo cha kupandia dereva, akagusa kichwa chake mwenyewe. Ndivyo watu wao wanavyowagusa wazazi miguu, kwa heshima. Sisi tulitazama chini. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kazini, na niliijua pale pale kwamba ni furaha.

Tukawa na miezi mizuri. Kila asubuhi alikuja na kikombe cha chai, akakaa mbele yake kwenye kiti cha plastiki. Hakuwa na haraka na jambo lolote tena.

Halafu akajikwaa kwenye ngazi za nyumbani kwake Mountain View. Bintiye Simran, yule daktari wa meno mnayemjua, akampeleka kwa daktari wa macho. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, wa miaka mingi. Simran alikuja karakana kunieleza, maana alijua nitauliza. Alisema kile kioo cha ndani ya jicho kinageuka polepole rangi ya chai ya rangi, mtu hajui kwa sababu ni kidogo kidogo, na bluu haipiti vizuri tena. Wanakitoa, wanaweka kipya. Jambo dogo siku hizi.

Mimi nilisikia "jambo dogo" nikafurahi. Hilo la bluu lilinipita. Nilimpelekea mzee maparachichi ya kwangu.

Alirudi karakana na miwani myeusi, mchangamfu. Akaivua, akatuangalia mmoja mmoja.

"Nyambura! Umezeeka namna hii? Mbona hukuniambia?"

"Nawe ulikuwa unatazama nini miaka yote hii?"

Tulicheka mpaka tukashika meza. Akashangaa rangi ya kilemba chake, akashangaa vumbi dirishani, akatutukana kwa ajili ya vumbi hilo. Halafu akasema, "Haya, nionyeshe baba."

Nikatoa turubai.

Alisimama. Akasogea karibu, akarudi nyuma, akaenda upande wa dirisha. Kicheko kilikuwa bado kimebaki usoni, hakijajua pa kwenda.

"Nani amepaka hii?"

"Mimi na wewe, Sardar."

"Hii ni biringanya."

Fundi wa vyuma alizima mashine. Sardar akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, akaweka mikono magotini. Ngai, uso ule. Kazi yangu haikuniuma, kazi hufanywa tena. Kilichoniuma ni kwamba mzee mwenye umri ule alikuwa amempokea babake, na sasa mbele ya watu anaambiwa na macho yake mwenyewe kwamba hakuwa babake.

"Toa," alisema baadaye. "Toa yote."

Nikaitoa. Mnaijua ile dawa ya kung'oa rangi, jinsi inavyowasha macho. Siku hizo niliishukuru, maana mtu anaweza kulia na kulaumu dawa. Mistari yangu yote ilitoka na matambara, njano na nyeusi na zambarau, nikaitupa kwenye pipa. Injini ikabaki chuma, kisha tukairudishia kijivu ya kwanza, ikangoja.

Mtadhani basi, sasa ana macho mapya, atachanganya ile yenyewe na mambo yaishe. Na sisi tulidhani hivyo. Alichanganya. Dirisha likajaa vifuniko vya madebe, kila kimoja na nyekundu yake. Asubuhi alishika kimoja akasema hii iko karibu. Jioni alikishika hicho hicho akakitupa. Nilimwekea damu ya mzee, nikamwekea ya tofali, nikamwekea iliyokolea zaidi. Nilipangusa vingine kwa mafuta na parafini kama alivyofanya babake. Hapana. Hapana. Hapana.

Siku moja alinikuta peke yangu nasafisha bunduki ya rangi. Akakaa.

"Nyambura, imepotea."

"Tutaipata, mzee."

"Wewe sikia. Nilikuwa nayo. Kila siku nilikuwa naiona hapa," akagusa paji la uso. "Sasa nikifunga macho naona biringanya. Nikifungua naona hizi vifuniko. Hii dunia yote naona safi kabisa, hata mchwa nyuma ya mlango. Na simwoni baba."

Nadhani ile kumbukumbu ilikuwa imezeeka pamoja na macho, zikibadilika polepole zikishikana mikono, na walipoyabadilisha macho ghafla, kumbukumbu ikaachwa nyuma peke yake.

Simran ndiye aliyeubeba mzigo. Adhuhuri moja alimletea baba yake chakula, nikamsikia mzee akisema kwa Kiswahili, bila shaka ili sote tusikie: "Ungeniacha. Nilikuwa naona vizuri." Simran akaweka chakula mezani akatoka. Nilimfuata, nikamkuta uani kati ya marundo ya bampa kuukuu, analia amesimama, na wauza spea wakijifanya wanahesabu nati.

"Auntie, nimefanya makosa gani? Angeanguka avunje kiuno."

"Hujafanya makosa, mami. Ungemwacha akaanguka, tungekulaumu."

"Haongei na mimi nyumbani."

"Ataongea. Hasira za mzee ni za maji ya moto, hupoa."

Aliongea naye, kweli, kabla ya mvua za masika. Walipatana kabisa, walikula pamoja, Simran aliniambia mzee alimwomba msamaha. Halafu kifua kikambana mzee, na mvua ilipokuwa katikati akatuacha. Walimchoma kwa desturi yao. Nilivaa leso nyeupe nikasimama na familia, Simran alinishika mkono akaniweka mbele. Nilirudi karakana, ile injini ilikuwa ya kijivu vile vile chini ya turubai, na nikafahamu kwamba sasa na yenyewe ni injini ya marehemu. Nililia kwa sauti. Kila mtu akaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali ni nzuri, lakini siku hiyo ningempiga mtu na koleo lenyewe.

Matanga yalipokwisha Simran alikuja kuniomba niimalizie, akaiweke nyumbani.

"Paka nyekundu yoyote ya dukani, Auntie. Papa hayupo, nani atajua?"

Nikamwambia nitaipaka ile ya kwanza.

"Ile biringanya? Lakini alisema mwenyewe si yenyewe!"

"Alisema. Lakini hizi nyingine zote alizikataa, hakuna aliyoikubali hata moja. Ile aliikubali. Ulimwona siku ile?"

"Sikuwapo."

Nikamweleza alivyoinama. Akafuta pua. "Basi paka hiyo."

Nikaipaka kwa lile debe lililobaki, mistari na vanishi na yote. Nyinyi wengine mlikuwa mmeshaanza kazi wakati huo, na mlinicheka nyuma ya shuka, niliwasikia. Wageni wa Simran nao wamekuwa wakiuliza mbona gari moshi la zambarau. Imekaa sebuleni kwake Mountain View, mbele ya dirisha, na mimi kila nilipokwenda kunywa chai niliiangalia nikajiuliza kama nilimheshimu mzee au nilimdhihaki. Miaka yote hii ilikuwa biringanya. Haikuwahi kuwa kitu kingine, na kila mara nilirudi Kabiria nimeinama moyo.

Mlishangaa nilipoacha kazi ghafla. Niliwaambia ni magoti. Si magoti. Mistari ilianza kuwa miwili, na taa zikawa na nywele za mwanga. Daktari ameniambia ni mtoto wa jicho, amekomaa. Watoto wangu wamekwisha panga na hospitali.

Wiki iliyopita, baada ya miezi mingi bila kufika, nilipita kwa Simran kumpa habari hiyo. Alikuwa jikoni, akaniambia niingie nikae. Nikaingia. Asubuhi ilikuwa imejaa dirishani.

"Simran," nikaita, "uliipaka upya lini?"

"Nini, Auntie?"

"Injini."

Akatoka na kitambaa cha vyombo mkononi. "Hakuna mtu ameigusa. Ni ile ile."

Ilikuwa nyekundu. Si ya debe, si ya tofali, si ya damu. Nyekundu ya ndani, yenye joto, kama bati lililopanguswa mafuta kila alfajiri kwa miaka. Mistari yangu ya njano ilikaa juu yake kama imezaliwa hapo. Sijui kama ndiyo ile ya stesheni. Lakini ndiyo aliyoiona mzee siku alipovaa shati la pasi, hilo nalijua, na hakuwa mpumbavu, na hakudanganywa na mtu. Nilitaka kumwambia mtu, na mtu mwenyewe ni yeye. Nikakaa kwenye kochi la watu nikalia, Simran akanishika bega akidhani naogopa hospitali.

Siku yangu hospitali ilikuwa Jumatatu. Nimeiahirisha. Watoto wanapiga kelele, na nyinyi msianze kunipigia simu, nitakwenda tu, sitaki kuanguka nivunje kiuno. Lakini kwa sasa kila asubuhi nafika Mountain View, Simran ananiachia mlango wazi, nakaa mbele ya ile injini na chai. Siku wakinitoa hiki kioo cha rangi ya chai machoni, hakutabaki mtu yeyote anayeiona.